Namna ya Kumsumbua Jani Aliyelala Miaka Mia

Nawa mikono, ukaushe, kisha vaa glavu. Zamani hebaria nyingi, yaani hifadhi za mimea iliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi, zilipaka sampuli za mimea dawa ya zebaki ili wadudu wasizile, na sumu hiyo ingali karatasini. Chai na maandazi vibaki nje ya mlango, hata kama bosi ndiye aliyevinunua. Makombo yatawaita wadudu wapya.

Sasa jua uko mbele ya nani. Tuseme umefunguliwa kabati la Hebaria ya Afrika Mashariki, Nairobi. Mkusanyiko huo ulizaliwa Amani, Usambara Mashariki, ambako Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti mwaka 1902, ukahamia Nairobi katikati ya karne ya 20. Sampuli nyingi walizokusanya Wajerumani hao zilipelekwa Berlin. Machi 1943 mabomu yakaiteketeza sehemu kubwa ya hebaria ya huko, pamoja na sampuli zilizotumiwa kuzipa spishi majina yake. Kwa hiyo hilo jani la kahawia lenye tundu la mdudu huenda ni pacha aliyebaki peke yake duniani. Ukiambiwa fungua jalada polepole, usinune.

Sasa ipige picha. Usiilaze karatasi kifudifudi juu ya kioo cha skana kama unatoa fotokopi ya cheti cha kuzaliwa, mbegu zitamwagika. Bustani ya mimea ya Kew, Uingereza, walipata ufumbuzi: skana ndiyo inayopinduliwa, karatasi ikainuliwa kutoka chini hadi kwenye kioo. Kamera iliyofungwa juu ya meza nayo inafaa. Weka rula, kadi ya rangi na msimbopau, piga. Hapo ndipo wengi hupongezana na kuomba posho, na kazi haijaanza.

Kazi ni lebo. Utakutana na mwandiko wa Kijerumani uliojikunja kama mizizi ya mkoko, na majina ya miji isiyoonekana kwenye ramani yako. Wilhelmstal ni Lushoto. Neu-Langenburg ni Tukuyu. Bismarckburg ni Kasanga, kando ya Ziwa Tanganyika, lakini Togo nako kulikuwa na Bismarckburg. Asiyetazama jina la mkusanyaji na mwaka atauhamisha mti wa Ufipa hadi Afrika Magharibi kwa kubofya mara moja, na kompyuta haitamkemea. Nakili kila herufi ilivyo, hata iliyokosewa. Tafsiri yako iweke kwenye safu yake, na jina lako chini yake, ili atakayekuja ajue nani wa kumuuliza.

Ukikuta jina la Kisambaa au Kiswahili pembezoni, usiliruke eti programu haina nafasi yake. Iongeze nafasi. Jina hilo lilitoka kinywani mwa mtu aliyeujua mti huo kabla mkusanyaji hajafika, na mara nyingi mtu huyo hakuandikwa popote. Mimi naona kosa hilo ni kubwa kuliko tundu lolote la mdudu, nasi tuna uwezo wa kupunguza madhara yake: chapisha picha, panda nazo Usambara, kaa na wazee, uliza, andika jina la anayekujibu kama ameridhia.

Mimea inayowindwa, kama msandali, usitangaze mahali ilipo hasa. Watafiti wataomba taarifa hizo kwa utaratibu. Majangili watazichukua bila kuomba.

Na usimwahidi mfadhili kwamba utamaliza kabla ya Krismasi. Flora ya Afrika Mashariki ya Kitropiki, iliyoandikwa kwa kuzisoma karatasi kama hizi, ilianza kutoka mwaka 1952 ikakamilika 2012, ikiwa na spishi 12,104.

Picha zikiwa tayari, zisifungiwe nyuma ya malipo. Mwanafunzi wa Muheza azione bure kwenye simu yake, kwa maelezo ya Kiswahili. Wakuu wa hebaria, hilo liko mikononi mwenu.