Rudisheni Michango, Aliyekufa ni Mbwa

Yonkers, New York

Mjomba, na wote mliokwisha kukaa mkekani hapo Muheza:

Kwanza niseme wazi: hakuna msiba. Niliandika kwenye kundi la familia, "Duke ametutoka, bibi analia, pesa zitachelewa kidogo." Kuamka, nakuta mmeshafungua daftari la rambirambi, Shangazi katoa elfu kumi, na hitima imepangwa Ijumaa. Mjomba, Duke ni mbwa. Mbwa wa bibi ninayemtunza, wa miaka 14, kaondoka na saratani. Rudisheni michango.

Utauliza: walijuaje kwamba saa yake imefika? Hapa kuna mtihani, Mjomba. Uliwekwa na daktari wa wanyama aitwaye Alice Villalobos. Maswali ni saba: maumivu, kula, kunywa, usafi, furaha, kutembea, na kama siku njema bado zinazidi mbaya. Kila swali lina alama 10. Mnyama akivuka 35 kati ya 70, bado maisha anayaweza. Bibi alikuwa akimsahihisha Duke kila jioni kama mwalimu wa darasa la saba. Jumatatu 41, Alhamisi 30, Jumapili 19. Nami nikajipima baada ya zamu mbili za usiku mfululizo, nikapata 34. Nilinyamaza kimya, maana daktari wa Duke alishapewa miadi.

Daktari huyo alikuja nyumbani, akavua viatu, akaketi chini kwenye zulia. Kitu cha kwanza alichotoa mkobani kilikuwa chokoleti. Maisha yake yote Duke alinyimwa chokoleti, kwa kuwa ni sumu kwa mbwa. Siku hiyo akala kipande kizima, akalamba na karatasi. Haikuwa na madhara tena.

Hapo kicheko kikanikauka. Sindano ya kwanza ilikuwa ya usingizi. Baada ya dakika chache Duke akawa anakoroma. Daktari akatueleza mapema: macho hayatafumba, na huenda akavuta pumzi moja baada ya yote kwisha, msishtuke, hasikii kitu. Ndipo akamchoma ya pili kwenye mshipa wa mguu. Ni pentobabitali, dawa ya usingizi, ila kwa kipimo kikubwa: ubongo unalala kwanza, kisha pumzi, kisha moyo. Akamsikiliza kifuani, akatikisa kichwa. Muda wote huo, sindano ilikaa imefichwa chini ya taulo.

Mjomba, nikakukumbuka wewe. Nilikuwa na miaka minane, nikaanza kukunolea kisu mbele ya beberu, ukaninasa kofi. Ukasema kisu hakinolewi mnyama akiona, wala mbuzi hachinjwi mbele ya mwenzake. Nilidhani ni masharti ya bucha tu. Kumbe kofi lile na taulo hili ni jambo moja.

Baada ya kumshika Duke, mikono niliiosha mara saba kama ulivyonifunza, ya kwanza kwa udongo. Ghorofani udongo utautoa wapi? Nikachota kwenye chungu cha maua cha bibi. Ua limelegea, naye anasema hata ua linaomboleza. Sikumpinga.

Kesho yake tukamzika Hartsdale, makaburi ya wanyama yaliyoanza mwaka 1896, pale daktari mmoja wa wanyama alipomruhusu mtu azike mbwa wake kwenye shamba lake la matofaa. Humo yumo hata mwanasimba, Goldfleck, aliyefugwa hotelini na mchoraji wa Kihungari. Nimesimama mbele ya kaburi la simba, nikamkumbuka mbwa wetu, Simba.

Basi hili ni ombi. Nilipokuja likizo, Simba alikuwa akiburuta miguu ya nyuma pale zizini, na watoto wakimpopoa mawe. Amelinda mbuzi wako miaka kumi na mbili. Mpime kwa yale maswali saba. Hayataki karatasi, yanataka mtu wa kumtazama tu. Akifeli, mwite bwana mifugo. Asiachiwe mawe, wala asitupiwe nyama yenye sumu.

Michango ya wengine yote irudi. Elfu kumi ya Shangazi ibaki, imlipe bwana mifugo.

Ni mimi mpwa wako.