Hesabu ya Kima

Wanyama wa Mbugangari walichanga mwaka mzima mpaka sanduku likafika faranga 30,000. Mvua zilikuwa zinakaribia, na maghala ni matupu. Korongo, mwenyekiti aliyechaguliwa kwa ajili ya taji lake, akaandika daftarini: "Vinunuliwe vitu vingi kadiri fedha zitakavyoruhusu." Akapiga muhuri. Vitu gani, hakuandika. Kazi akapewa Kima, mjuzi wa kuhesabu kwa mikono na miguu.

Kima akashuka mpaka kwa Fisi, mwenye duka la jumla karibu na bariyeri ndogo ya kuvukia Goma. Magunia ya maharagwe aliyapita bila kuyatupia jicho, maana gunia, hata lijae hadi mdomoni, ni kitu kimoja. Akasimama penye viberiti.

"Kimoja 50," Fisi akasema. "Dazani 480. Katoni ya viberiti 240 nakuachia kwa 7,200, kwa kuwa ni wewe."

Kima akakokotoa mpaka jasho likamtoka. Katoni nne, 28,800. Dazani mbili, 960. Vinne vya rejareja, 200. Jumla viberiti 988! Mjinga anayenunua kimoja kimoja angepata 600 tu. Zilibaki faranga 40. Fisi akazichukua kama gharama ya kuandika risiti.

Mama Kanga, anayevuka bariyeri kila alfajiri na beseni la vitunguu kichwani, alikuwa akingoja chenji yake.

"Mwanangu, kununua kwa pamoja sisi wachuuzi tunakujua. Mwaka 2020, korona ilipofunga bariyeri, tulikusanya mizigo ikavushwa na lori, gharama tukagawana. Lakini kabla ya lori kila mmoja alitaja chake: huyu kabichi, yule sambaza. Wewe umemuuliza nani?"

"Mama, mimi nimetumwa wingi."

"Na utapika nini?"

"Moto utakuwepo," Kima akajibu, na kwa hilo hakusema uongo.

Mkutanoni taarifa ilipokewa kwa vigelegele. Kila kaya ilipata mgawo wake wa viberiti, na kwa kuwa kila kaya ilikuwa navyo, hapakuwa na wa kumuuzia mwenzake. Mvua ikaanza. Watoto wakaanza kulia. Kima akavikusanya tena vyote, akavirudisha dukani, na Fisi, kwa huruma zake zinazojulikana, akavinunua kwa 20 kila kimoja. Daftarini ikaandikwa: "Mauzo ya jumla, siku moja, 19,760." Vigelegele tena, ingawa hafifu kidogo, maana tumbo tupu halina pumzi.

Kobe akauliza zile 10,240 zimekwenda wapi. Korongo akamkumbusha kwamba maswali ya fedha huletwa kwa maandishi, siku saba kabla ya mkutano.

Kisha likapitishwa azimio la mwaka ujao: zinunuliwe sindano. Ni ndogo zaidi.