Ukialikwa Bao Tandika

Umeambiwa Jumamosi kuna mashindano ya bao Tandika, nawe umeshaona picha: kivuli cha mwembe, wazee watatu, kashata, jioni unarudi kwako Kijitonyama umepumzika. Nilikuwa na picha hiyohiyo. Naandika haya kwa ajili yako.

Ratiba ya saa tatu asubuhi usiiamini. Saa tatu utamkuta muuza kahawa na kijana anayepangusa ubao. Tumia muda huo kuamkia. Kila mwenye mvi mpe shikamoo yake kamili, hasa yule aliyesinzia kwenye benchi na kandambili zisizofanana. Huyo ndiye atakayekufunga. Mchezaji hodari huitwa fundi, ila usimuulize mtu kama yeye ni fundi. Atakujibu kwamba yeye anajifunza tu, na jibu hilo ndilo la kuogopa.

Ubao una mashimo 32, safu nne za mashimo manane, mbili zako na mbili za mwenzako. Kete ni 64, nusu kwa nusu, na mara nyingi ni komwe. Kila mtu anaanza na kete kumi ubaoni: sita ndani ya nyumba, lile shimo la mraba, na mbilimbili katika mashimo mawili yanayoifuata nyumba upande wa kulia. Zinazobaki, 22, unaingiza mojamoja. Hatua hiyo ni namua. Zikiisha unaingia mtaji, kama utafika huko.

Ukitoka kwenye drafti, uache mazoea yako getini. Kule kizibo kikiliwa kimekwenda. Kwenye bao hakuna kete inayotoka ubaoni. Ukiliwa, kete zako zinapandwa upande wa pili na kugeuka jeshi la mwenzako. Kwa hiyo usimhurumie mtu aliyebakiwa na kete chache. Mkono mmoja tu ukizunguka vizuri, wewe ndiye wa kuhurumiwa.

Halafu kula ni lazima. Ukiwa na nafasi ya kula, huwezi kusema umeshiba. Fundi anakuwekea kete mbili mahali pazuri, unakula kwa furaha, unapanda, unazunguka, unakula tena, watu wanashangilia, na unapolala, yaani zamu yako inapoisha, unakuta umejifungulia mlango mwenyewe. Huko Mbagala nilifungwa na muuza mihogo aliyekuwa akicheza kwa mkono mmoja na kurudisha chenji kwa mwingine. Nilikuwa bado nimeshika kete tisa, safu yangu ya mbele imebaki mashimo matupu. Kufungwa namna hiyo huitwa kufungwa mkononi, na kijiwe hakisahau. Nikipita pale hadi leo naulizwa zile tisa nilizipeleka wapi.

Hatari kubwa zaidi inatoka kwa watazamaji. Kete ya mwisho ikiangukia nyumbani kwako ukiwa unakula, unaweza kulala au kuisafirisha nyumba, yaani kuzichota kete zake na kuendelea kupanda. Hapo watu hugawanyika kama siku ya Simba na Yanga. Huyu anasema lala, yule anasema safiri, wa tatu anacheka tu. Msikilize anayecheka. Mwisho wa yote, uamue mwenyewe, maana ukikosea wote watadai walikwambia.

Kuhusu kutakasia, yaani kumfungia mwenzako shimo lake asilicheze, ushauri wangu ni mfupi: likitokea, tikisa kichwa kama mtu aliyelitarajia. Ukiuliza maana yake utaelezwa na watu sita kwa wakati mmoja, na kahawa itapoa.

Wala usitamke kwamba bao ni mchezo wa watu wasio na kazi. Mwalimu Nyerere alilipenda, na nchi alikuwa nayo mkononi. Muyaka bin Haji wa Mombasa alilitungia shairi katika karne ya 19. Mholanzi Alex de Voogt alikwenda Zanzibar kuchunguza vichwa vya mafundi, akaandika tasnifu nzima, Leiden, mwaka 1995. Vichwa vyenyewe ukivikuta benchini vinabishana bei ya nyanya, lakini vimeshahesabu mzunguko wako hadi utakapolala, kabla hujagusa shimo.

Basi ukifungwa raundi ya kwanza, na utafungwa, usiseme ulikuwa unajaribu ubao. Simama, mpe mzee mkono, mwachie mwingine kiti. Jumapili urudi kutazama fainali, ukae nyuma, kimya. Na ubebe pesa ndogondogo: kahawa ya mezani hulipwa na aliyefungwa.