Ndimu za Mgeni

Kinywaji ambacho Waingereza hukiita gimlet, nacho si chochote ila jin na maji ya ndimu yenye sukari, kina asili ya kuchekesha. Mabaharia wao, kwa kukaa baharini miezi pasi na kuonja mboga, walikuwa wakipatwa na kiseyeye hata meno yakawalegea. Na dawa yake, maji ya ndimu, yalikuwa hayakai chomboni ila yachanganywe na kileo. Basi mwaka 1867 Lauchlan Rose, mfanyabiashara wa Leith katika Uskoti, akavumbua hila ya kuyahifadhi kwa sukari bila ya tone la ulevi. Na alipokwisha kuuondoa kwa taabu yote hiyo, maafisa wa manowari wakaurudisha kwa furaha, hata kitabu cha hoteli ya Savoy ya London, kilichotoka mwaka 1930, kikahukumu: nusu jin, nusu maji ya Rose, koroga.

Mgeni wetu wa Kiingereza, aliyepanga chumba cha juu nyumbani kwetu Biashara Street, alikuwa na chupa ya jin aliyoisitiri sandukuni kwa kuistahi nyumba, lakini maji ya Rose hakuwa nayo. Akaniomba nimkamulie ndimu za Marikiti. Nikapita na kikapu tele kati ya maduka yaliyotundikwa leso, na kila mwenye duka akaniuliza ni nani mgonjwa, au ni nani aoaye. Nikachemsha sukari na maganda hata ikawa nzito, nikaiepua, ilipopoa nikaitia maji ya ndimu yaliyochujwa, nikaiacha birikani.

Alasiri wakaingia kina mama waliochoshwa na kuchagua leso za harusi, na shangazi yangu, ambaye hajapata kumwacha mgeni na koo kavu, akalijaza birika maji na barafu, akawakirimu hata ikasalia bilauri moja. Mara akashuka Mwingereza na jin yake mkononi. Alipowaona akaificha mgongoni, na shangazi akamtilia ile bilauri ya mwisho katika mkono wa kuume. Ikawa gimlet yake imetimia, nusu hadharani na nusu mafichoni, wala hana njia ya heshima ya kuzikutanisha.

“Kunywa, mwanangu,” shangazi akamhimiza. “Na huo mkono wa pili, una maradhi gani?”