Pambo Mbele, Abiria Nyuma

Nina neno na vijana wa bodaboda hapa Kakamega, na leo nalitoa bila kumung'unya. Hizo pikipiki mnampambia nani?

Pita kwenye steji yoyote pale Lurambi. Boxer zimepangwa foleni, zote za muundo mmoja wa India, lakini huwezi kuzifananisha. Hii kiti chake kimevishwa rangi za Arsenal. Ile usukani umeota nyuzinyuzi za kila rangi. Nyingine ina taa za buluu chini ya tangi, zinawaka saa saba mchana. Vioo vya pembeni viko vinne, na vyote vinamtazama dereva usoni. Nyuma kabisa, kwenye raba ya kuzuia matope, kuna mahubiri: "Wivu wa Nini?"

Sasa mimi mwenye kulipa nauli, nikishapanda naona nini? Mgongo wa dereva, basi. Maandishi yanasomwa na anayetufuata. Taa zinafaidiwa na waliokaa barazani. Na mwavuli ndio usiniguse kabisa! Mvua ya alasiri ya Kakamega mnaijua. Mwavuli umemfunika dereva na tangi lake vizuri, kisha maji yote ya juu yanateremka kwa ukingo wa nyuma hadi kwenye kola ya shati langu. Nalipa nauli ili niwe mfereji.

Muziki nao umefungwa chini ya kiti, sambamba na goti langu. Tunaingia mjini kama fahali wa Shinyalu anayesindikizwa kwa ngoma za isukuti kwenda kupigana, ila fahali yule hana abiria mwenye shinikizo la damu mgongoni.

Nilimuuliza kijana mmoja sababu ya makeke yote hayo. "Mzee," akanijibu kwa upole, "mteja huiona pikipiki kabla hajapanda. Akishapanda, si nimeshampata?" Nikakosa la kusema, na hilo likaniudhi zaidi ya mvua.

Maana ana hoja. Tangu serikali iziondolee pikipiki ndogo kodi ya ongezeko la thamani mwaka 2008, zimefurika kila kona. Mashine ni ile ile, nauli ni ile ile; asiyejirembesha ataonekanaje? Hata matatu zinajua uchungu huo. Kanuni za waziri John Michuki za mwaka 2004 zilizivika zote mstari wa manjano, na michoro ikapata ruhusa tena mwaka 2014 chini ya Rais Uhuru Kenyatta. Lakini abiria wa matatu hukaa ndani ya urembo. Mimi hukaa nyuma yake.

Na kazi hii haikuanza hivyo. Wazee wa baiskeli pale mpakani Busia, waliokuwa wakivusha watu kati ya Kenya na Uganda, walifunga mto kwenye keria, sponji iliyoshonewa kitambaa, ili mteja asichubuke. Urembo wa bodaboda ulianzia makalioni mwa abiria! Ni lini ulihamia kwenye usukani?

Kofia ngumu ya abiria, ambayo sheria inaitaka, sisemi haipo. Ipo. Imetundikwa kwenye kioo, imebandikwa stika tatu, inang'aa. Kamba ya kidevuni ndiyo ilikatika zamani, na hakuna aliyeiona kwa sababu kamba haimeremeti.

Pambeni, vijana wangu. Sitaki steji zetu zifanane na ghala la serikali. Ila kabla ya kununua taa nyingine, nunueni kamba ya ile kofia, na mwavuli muuongeze shubiri mbili upande wa nyuma. Mkifanya hayo, nauli nitalipa bila kubishana, hata spika ikiwa imefunguliwa hadi mwisho.