Mwongozo wa Kupunjwa Sirari kwa Msafiri Atokaye Lalago

Msimu wa pamba ukiisha, Lalago huwa haikosi mtu wa kwenda Nairobi. Hela ya mauzo imeshaingia, shemeji yuko Eastleigh anamsubiri, na njia ni Maswa, Bariadi, Lamadi, Bunda hadi Sirari mpakani. Mwongozo huu ni wake, umsaidie kuvuka akiwa mwepesi.

Kabla ya safari, toa hela yote kwa wakala, uipange mfuko wa shati ivimbe. Ni kweli M-Pesa ya Vodacom hutuma fedha hadi M-Pesa ya Kenya tangu 2015, lakini simu haivimbi, na watu watajuaje kwamba umevuna? Bei ya siku ya shilingi ya Kenya usiiulize. Benki Kuu huitangaza bure, na vya bure una mazoea navyo gani?

Ukishuka Sirari utawaona vijana wa kubadilisha fedha wenye mabunda ya noti mkononi. Salimia. Wakikuitikia "Ngosha!", lafudhi ya Kisukuma imeshakupangia bei.

Tuseme shilingi ya Kenya ni 20 zetu. Kijana atakutajia 22. Usibishane, shilingi mbili ni kitu gani kwa mtu mzima? Kwa laki tano ulitakiwa upate 25,000. Utapewa 22,727, yaani umeacha pale zaidi ya elfu 45 za kwetu. Hesabu apige yeye, kwa kikokotoo chake. Ukitoa simu yako atadhani humwamini.

Na hapa ndipo ninapowavulia kofia watu wetu. Mkulima huyu huyu, siku ya kupima pamba, humsogelea karani wa mizani hadi wanapumuliana. Kilo moja ikipungua, hadi Mwanhuzi watasikia. Mfikishe Sirari, ghafla amekuwa muungwana. Anaona haya kuhesabu noti mbele za watu, konda anapiga honi, na kijana anahesabu mbiombio huku noti moja imekunjwa katikati ili ihesabike mara mbili. Mwenzake akipiga kelele "Polisi! Polisi!", wewe sukuma bunda mfukoni ukimbie. Polisi hayupo, lakini utakuja kulijua hilo Kisii.

Kati ya noti hizo zikiwemo elfu moja moja zenye sura kubwa ya Mzee Jomo Kenyatta, zipokee kwa heshima zote za mzee. Mwisho wa kutumika kwake ulikuwa 30 Septemba 2019. Ikiwa na wewe umemlipa kwa noti za bibi za chini ya godoro, zile zilizotolewa kati ya 1985 na 2003, basi mmetoka sare: Benki Kuu yetu ilifunga dirisha la kuzibadilisha tarehe 5 Aprili 2025.

Benki usiende. Huko kuna foleni, na kuna risiti, ambayo mama watoto anaweza kuisoma.

Wakati wa kurudi, shilingi za Kenya zilizobaki usizibadilishe. Njoo nazo hadi Lalago, uingie dukani siku ya mnada watu wakiwa wengi, uagize soda, kisha uweke noti ya Kenya juu ya kaunta. Tangu 28 Machi 2025 kanuni zimekataza bidhaa na huduma za ndani kulipiwa kwa fedha za kigeni, kwa hiyo mwenye duka atakataa, tena kwa sauti. Hapo ndipo utapata nafasi ya kueleza, polepole, wote wakisikia, kwamba umechanganya tu, maana umetoka Nairobi jana. Soda atalipa mwingine.