Muulize Shangazi: Amegoma Kutoka

Shikamoo Shangazi. Karani wetu ameacha kazi tangu Mfungo Mosi. Kila nikiandika DROP ROLE karani, PostgreSQL inakataa, eti kuna vitu vinamtegemea. Nifanyeje?
Hoi, Tanga

Marahaba mwanangu. Umebisha mlango wenyewe. Nimeachana na waume watatu, na hakuna aliyerudi hata kuulizia kandambili.

Jirani yangu angekwambia ufukize ubani mbele ya seva. Fukiza, ila mbali na feni. Mimi nilisogeza chetezo karibu mno, mashine ikanukia kama bibi harusi na haikuwaka siku mbili.

Wala usikimbilie DROP USER ukidhani ndiyo dawa kali. Tangu toleo la 8.1 la mwaka 2005, mtumiaji na kundi ni kitu kilekile, yaani ROLE, kanzu tu mbalimbali.

Kosa lako nalijua. Mume wangu wa pili, baharia, nilimwambia "Toka!" kabla sijauliza nini ni cha nani. Kumbe hata mlango wa choo kanunua yeye! Akaung'oa, akaondoka nao. Mwezi mzima tulijisitiri kwa khanga, na mawifi hawaishi kuja kutusalimia.

Wa tatu ndiye niliyemwacha kisomi. Kwanza mali zikapata mwenyewe: REASSIGN OWNED BY karani TO meneja. Kisha nikampokonya ruhusa zilizobaki: DROP OWNED BY karani. Usigeuze mpangilio huo! Ukianza na hii ya pili, majedwali yake yote yanafutwa, na kilio chako nitakisikia hapa Ilala bila simu.

Bwana yule, sikufichi, alikuwa na nyumba tatu. (Mbili nilizigundua kwa akili zangu mwenyewe; polisi hadi leo hunipisha njia.) Nilizipitia zote. Nawe amri hizo mbili zirudie katika kila hifadhidata aliyogusa, kwani karani ni wa seva nzima, ilhali amri huona kwa kiasi kikubwa hifadhidata uliyoingia tu. Ukiisahau moja, atakung'ang'ania palepale.

Baada ya hapo, DROP ROLE karani. Naye atatoka bila neno. Ningekueleza pia jinsi nilivyo... Ngoja, kuna mtu anapiga hodi. Huyo baharia. Karudisha mlango.